Boti Ikiinua Pua: Vibati vya Usawa, na ya Kufanya Kabla ya Kuvinunua

Ujumbe wa msikilizaji wetu mmoja umetufanya tukae chini na kuandika makala hii. Yeye ni mzaliwa wa milimani, upande wa Matombo, lakini siku hizi anavua Bagamoyo. Ni kana kwamba ameyafuata maji ya mto Ruvu kutoka Uluguru hadi yanapoingia baharini. Yeye na mdogo wake wamechanga fedha wakanunua boti ya faiba iliyokwisha kutumika, ya futi 20, yenye mashine ya nguvu farasi 40.

Tatizo lao ni hili. Wakiongeza mwendo, boti inainua pua juu kama ng'ombe anayekataa kamba. Aliyeshika usukani haoni mbele. Alfajiri moja walikaribia kuipanda ngalawa iliyokuwa na wazee wawili. Hawakuiona mpaka mmoja wa wazee hao alipopiga kelele. Isitoshe, petroli inakwisha kabla ya hesabu yao.

Fundi mmoja amewaambia wanunue vibati vinavyofungwa nyuma ya boti. Madukani huitwa kwa jina la kigeni, trimu-tabu. Msikilizaji wetu anauliza: "Ndugu zangu wa redio, hivyo vitu vinasaidia kweli, au ni kututoa fedha tu?"

Jibu letu kwa ufupi: vinasaidia, lakini si kila boti, na mara nyingi tatizo linaweza kuondoka bila kununua kitu. Jibu refu ndilo hili linalofuata. Hata kama wewe unavua kwa mtumbwi wa pondo kule Kilombero au kwa kafi katika Bwawa la Mindu, soma hadi mwisho. Kuna sehemu yako.

Vibati hivi ni nini?

Sisi tutaviita vibati vya usawa. Ni vipande viwili vya bati nene la chuma kisichoshika kutu. Vinafungwa kwa bawaba kwenye ubao wa nyuma wa boti, chini kabisa, kimoja kushoto na kingine kulia. Vinaweza kushushwa au kupandishwa boti ikiwa inakwenda.

Kuelewa kazi yake, nenda kwenye mto wowote unaoshuka kutoka Uluguru, mahali ambapo maji yanakwenda kasi lakini hayana kina. Shika sahani ya bati ndani ya maji, ukingo mmoja ukielekea yatokako maji. Sahani ikiwa sawa na mkondo, maji yanapita tu. Sasa inamisha ule ukingo wa upande yaendako maji. Utasikia mkono wako unasukumwa juu. Sahani inayageuza maji kwenda chini, nayo maji yanaisukuma sahani kwenda juu.

Ndivyo inavyokuwa kwenye boti. Ukishusha vibati vyote viwili, tezi, yaani sehemu ya nyuma, inasukumwa juu. Tezi ikipanda, omo, yaani sehemu ya mbele, inashuka. Ukishusha kibati cha kulia peke yake, upande wa kulia wa nyuma unapanda, na boti iliyokuwa imelalia kulia inakaa sawa.

Hapo hapo utaona jambo la pili: bila mwendo hakuna msukumo. Katika maji yaliyotulia sahani haikusukumi popote. Kwa hiyo boti iliyosimama, au inayokwenda polepole, haipati faida yoyote kwenye vibati.

Nani anavihitaji, nani havihitaji

Boti ziko za namna mbili. Kuna inayopasua maji, na kuna inayopanda juu ya maji na kuteleza. Mashua nzito ya mbao yenye mashine ndogo ni ya namna ya kwanza. Chombo ambacho sehemu yake iliyo ndani ya maji ina urefu wa futi 20 hufika kama kilomita 11 kwa saa, kisha ni kama kimegonga ukuta. Ukiongeza mafuta kinachimba maji na kuinua omo, lakini mwendo hauongezeki sana. Chombo kama hicho usikifunge vibati. Vitakuwa mzigo wa kukokota tu.

Boti nyepesi ya faiba yenye chini iliyo bapa na mashine yenye nguvu ni ya namna ya pili. Inaanza kwa kuinua pua, kisha ikipata mwendo wa kutosha inapanda juu ya maji na kulala sawa. Boti hii ikichelewa kulala sawa, au ikishindwa kabisa kwa sababu ya mzigo, hapo vibati vina kazi ya kweli. Wavuvi wengi wa pwani na wa Ziwa Victoria wanahamia kwenye boti za faiba, wengine kwa mikopo ya serikali, na ndiyo maana swali hili linazidi kuulizwa.

Anza na yasiyo na gharama

Wahenga wa pwani walisema, enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ngama ni ile sehemu ya chini ndani ya chombo ambako maji huvujia. Nasi tunaanzia huko huko.

Moja, kausha ngama. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Ndoo ishirini za lita 20 ni kilo 400, sawa na watu wazima watano au sita. Na maji haya hayakai mahali pamoja. Ukiongeza mwendo yote yanakimbilia nyuma na kuizamisha tezi. Ukikata kona yanakimbilia upande mmoja. Mwenye boti ya faiba iliyotumika akague pia kama kuna maji yaliyonaswa kati ya sakafu na chini ya boti. Boti ikiwa nzito kuliko zamani bila sababu, mara nyingi sababu ni hiyo.

Mbili, hamisha mizigo. Angalia vilivyoko nyuma: mashine, tangi la mafuta, betri, nyavu, sanduku la barafu, na nahodha mwenyewe. Dumu la lita 20 la petroli lina kama kilo 15. Sanduku la barafu lililojaa linaweza kupita kilo 100. Peleka barafu na mafuta katikati, betri isogee mbele kama waya zinaruhusu, na mtu mmoja akae mbele. Jaribu tena. Boti nyingi zinapona hapa.

Tatu, sogea wewe mwenyewe. Anayeendesha kwa mpini wa mashine hukaa nyuma kabisa na upande mmoja, kwa hiyo boti inainua pua na kulala upande kwa pamoja. Weka mafuta upande wa pili wa alipokaa. Wavuvi wengine huunganisha bomba imara la plastiki kwenye mpini ili wakae mbele zaidi. Ukifanya hivyo, hakikisha bomba limefungwa barabara, na ile kamba ya kuzima mashine ibaki imefungwa mkononi mwako au kiunoni. Ukitupwa nje bila kamba hiyo, boti inaendelea kuzunguka ikiwa na propela inayokata.

Nne, tazama pini ya mashine. Mashine nyingi ndogo zina pini ya chuma inayopita kwenye matundu kadhaa, na ndiyo inayoamua mashine isimame kwa pembe gani. Pini ikiwa kwenye tundu la mbali na boti, propela inasukuma omo juu. Irudishe tundu moja karibu na boti, omo itashuka. Badilisha tundu moja kwa wakati mmoja, mashine ikiwa imezimwa. Ukizidisha, omo itachimba maji na usukani utakuwa mzito.

Tano, pima urefu wa mashine. Juu ya propela kuna bamba bapa. Boti ikiwa nchi kavu na mashine imesimama wima, bamba hilo liwe sawa na mstari wa chini ya boti, au chini yake kwa sentimita mbili na nusu hivi. Mashine ikiwa chini mno inakokota maji mengi. Ikiwa juu mno, propela inashika hewa na kupiga kelele bila kusukuma.

Sita, sugua chini ya boti. Ukoga na makome yaliyonata yanaiba mwendo, na mwendo ndio unaoilaza boti sawa.

Fanya haya sita kwanza. Ukisha kuyafanya na boti bado inainua pua, sasa tuzungumze habari za kununua.

Kuchagua vibati

Kipimo kinachotumiwa na mafundi wengi ni hiki: kwa kila futi moja ya urefu wa boti, inchi moja ya upana wa kibati kila upande, kibati kikiwa na inchi 9 kutoka mbele kwenda nyuma. Boti ya futi 20 inataka vibati viwili vya inchi 20 kwa 9.

Lakini je, nafasi ipo? Tuchukue boti yenye ubao wa nyuma wenye upana wa inchi 60 kule chini. Acha inchi 8 kila upande kutoka katikati ya propela, ili maji yanayoiendea yasivurugwe. Hizo ni 16. Acha inchi 4 kila kona, hizo ni 8. Ukitoa 24 katika 60 zinabaki 36, yaani inchi 18 kila upande. Kibati cha inchi 20 hakiingii. Usilazimishe. Tafuta cha inchi 18 kwa 10. Eneo lake ni lile lile, inchi za mraba 180.

Namna za vibati ni hizi:

Vinavyoendeshwa kwa umeme wa betri ya volti 12. Vina vitufe viwili karibu na usukani. Ni rahisi kutumia, lakini vinahitaji betri nzima na waya zilizofungwa vizuri.

Vinavyoendeshwa kwa mafuta yanayosukumwa na pampu, yaani haidroliki. Vina nguvu, lakini bomba likipasuka unahitaji fundi anayejua.

Vinavyojirekebisha vyenyewe kwa springi au kwa gesi. Havina waya. Boti ikiwa polepole vimeshuka, ikipata mwendo maji yanavisukuma juu. Vinafaa boti ndogo isiyo na betri. Ubaya wake ni kwamba huwezi kushusha kimoja na kuacha kingine.

Vya kudumu, visivyosogea. Ni bei nafuu, na fundi wa kuchomelea anaweza kuvitengeneza. Lakini ulichokifunga ndicho utakachokwenda nacho, boti ikiwa tupu au imejaa samaki.

Kuna pia mapezi ya plastiki yanayofungwa kwenye lile bamba la mashine. Yanasaidia kushusha omo, na yanagharimu kidogo kuliko vibati. Hayasaidii boti inayolala upande. Kwa mtu anayeanza, haya ni jaribio zuri.

Neno moja kwa mvuvi wa nyavu, ambalo muuzaji anaweza asikuambie: vibati vinanasa nyavu. Kama unategea na kuvuta nyavu kupitia tezi, kila kona ya kibati ni ndoano. Vuta nyavu kupitia omo au ubavuni, pandisha vibati kabla ya kuanza kazi, na kona zote zisuguliwe ziwe za mviringo. Kama kazi yako haiwezi kuhama kutoka tezi, pengine vibati si vyako.

Kuvifunga

Boti iwe nchi kavu, imekauka, imesafishwa. Gonga ubao wa nyuma kwa mpini wa nyundo, pande zote. Sauti kavu na ngumu ni nzuri. Sauti nzito ya kufumba ina maana mbao zilizo ndani ya faiba zimelowa au zimeoza. Ukisikia hiyo, acha. Tengeneza ubao kwanza, maana ndio ulioshika mashine yako.

Kata karatasi ngumu ya boksi iwe na umbo la kibati. Ipime kushoto na kulia, kutoka katikati ya boti, mpaka pande zote mbili zilingane. Tofauti ya kidole kimoja itaifanya boti ivute upande mmoja maisha yake yote.

Bawaba ikae juu kidogo ya ukingo wa chini wa boti, milimita 6 hadi 9. Chukua rula ndefu iliyonyooka, iweke chini ya boti ichomoze nyuma. Kibati kikiwa kimepandishwa chote, kisiguse rula. Kikiwa chini ya mstari huo kitakokota maji muda wote, hata usipokitaka.

Toboa tundu dogo kwanza, kisha panua mdomo wa tundu kidogo ili faiba isipasuke skrubu inapoingia. Kabla ya skrubu, jaza tundu gundi ya kuzuia maji ya boti, ile ya poliyurethani. Silikoni ya madirisha usiitumie chini ya maji. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Skrubu ya kawaida ya dukani itakula kutu, na tundu lililo chini ya maji litakuwa mlango wa maji kuingia ngamani.

Baharini, funga kipande cha zinki kwenye kila kibati. Maji ya chumvi yanakula metali, nayo zinki inaliwa kwanza badala ya kibati. Zinki ikibaki nusu, badilisha.

Waya za umeme zipite juu, mbali na ngama, na fyuzi iwe karibu na betri.

Kujaribu

Boti ikiwa bado nchi kavu, bonyeza vitufe. Usishangae ukibonyeza kitufe cha kushoto kikashuka kibati cha kulia. Vingi vimeunganishwa hivyo kwa makusudi: kitufe cha kushoto kinashusha omo upande wa kushoto, na kazi hiyo inafanywa na kibati cha kulia kwa kuinua nyuma ya kulia.

Majini, anza bila mzigo, maji yakiwa yametulia. Vibati vyote juu. Ongeza mwendo, kisha bonyeza kidogo, hesabu moja hadi tano, utazame. Boti haijibu papo hapo. Kosa la wageni wengi ni kushikilia kitufe mpaka omo inazama. Unatafuta mahali ambapo unaona mbele vizuri, mlio wa mashine umetulia, na maji ya nyuma yamelala. Boti ikianza kupiga mbizi na kuruka kama pomboo, omo iko juu mno. Shusha vibati kidogo. Usukani ukiwa mzito na boti ikitaka kukata kona yenyewe, umeshusha mno.

Yapo matatu ya kukumbuka daima. Mawimbi yakikufuata kwa nyuma, pandisha vibati vyote, kwa sababu omo iliyo chini inaweza kuchoma wimbi na boti ikageuzwa ubavu. Kabla ya kurudi kinyumenyume, pandisha. Kabla ya kuivuta boti mchangani, pandisha.

Kwa wenzetu wa Mindu na Kilombero

Bwawa la Mindu ni chanzo cha maji ya kunywa ya mji wa Morogoro, na mtumbwi wa kafi unatosha. Katika mto Kilombero, Wandamba wameendesha mitumbwi myembamba kwa pondo tangu enzi za mababu, wakiwa wamesimama, bila kibati chochote. Lakini kanuni ya usawa ni ile ile. Kinachowalinda ni mahali pa kuweka uzito.

Mzigo ukae chini na katikati. Mtumbwi ulale sawa, au tezi izame kidogo tu kuliko omo. Abiria wakae, asimame anayepiga pondo tu. Maji yaliyoingia yatekwe mara moja, yasisubiri kufika. Na kiboko akitokea, watu wasikimbilie wote upande mmoja kumtazama au kumkimbia. Huko ndiko mtumbwi unakopinduka.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kabisa na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 200. Hakuna kibati, hakuna mashine, hakuna ufundi wowote unaoweza kukirudishia usawa chombo kilichojazwa kupita kiasi. Vibati vinasawazisha boti iliyo salama. Boti isiyo salama haviiokoi. Jaketi okozi kwa kila mtu, na mzigo ambao chombo kimeruhusiwa kubeba, ndivyo vya kwanza kununua na kuheshimu.

Tumrudie msikilizaji wetu

Ndugu yetu wa Bagamoyo, tulikuuliza kwa simu sanduku la barafu liko wapi, ukasema liko nyuma, jirani na mafuta, na wewe umekaa hapo hapo. Basi usinunue kitu wiki hii. Kausha ngama, peleka barafu katikati, mdogo wako akae mbele, rudisha pini tundu moja. Kisha nenda mchana, maji yakiwa shwari, uone. Ikibaki inainua pua, anza na mapezi ya mashine, na vibati vije baadaye, fedha ikiruhusu. Mpaka hapo, alfajiri punguza mwendo, na mdogo wako awe macho yako kule mbele. Kuna wazee kwenye ngalawa ambao hawana taa.

Nanyi wasikilizaji wengine mliofunga vibati, au mliovifunga mkavitoa, tutumieni ujumbe mtueleze mlichokiona. Tutausoma katika kipindi. Mwenzako aliyeko majini huenda anasubiri neno lako moja.